Kambale, Tulikulilia Ukiwa Muzima

Kambale wa mama yangu,

Kama umesimama, kaa kwanza. Hapa Butembo wewe ni marehemu. Tulikulilia, tukakuchimbia kaburi nyuma ya nyumba yangu, batu bakakula maharage ya kilio chako mpaka mwiko ukakwaruza chini ya sufuria, na ile shati yako ya mistari uliyosahau hapa njo tulizika. Ninakuambia mimi mwenyewe, mbele haujasikia kwa mufanyabiashara wa huku atakayekukuta mu njia za Paris na kupiga makelele kwamba ameona muzimu. Sikuombi musamaha. Ndugu yetu Kasereka anapumua leo juu wewe ulikufa. Donc basi, soma mpaka mwisho, nyuma ukasirike kama unataka.

Mukono unaoandika ni wa mujukuu wangu, unajua mimi sikukalia benchi ya masomo hata asubuhi moja. Maneno ni yangu, nimemukataza kuyafua. Na bahasha haiko. Barua inapita kwa batu, bariyeri kwa bariyeri, na kila bariyeri basoda wa bunduki wataifungua hata ningeishona na uzi. Basi iende wazi, kila mutu asome.

Nianzie ku maziwa, juu mambo yote haya yalitokea ku maziwa.

Wewe ulizaliwa kule Luofu, mu baridi, mu ile nyumba ya mawe ya plantasyo ya kahawa. Baba yako alikuwa Mutaliano wa mashavu mekundu, anafoka asubuhi na kusahau saa sita. Mama yako alikuwa Mufaransa, sisi tulimuita Madame. Alipokuzaa homa ilimukamata, maziwa yakakataa kutoka. Mama yangu alikuwa anachagua kahawa pale, na mimi niko ku kifua chake, mukubwa kwako kidogo tu. Baba yako alikuja mpaka ku mulango wa nyuma wa jikoni yetu, kofia mu mukono, machozi yanashuka, na hakujua aanze namna gani. Mama alimutazama akasema, "Patron, leta mutoto. Kulia kwako hakutamushibisha."

Wewe ulikamata titi la kushoto, mimi la kuume. Mama alisimulia kwamba mimi nilikula na kulala sawa mutu wa akili, lakini wewe ulivuta kidogo, ukaacha, ukaimba-imba, ukarudia. Maziwa yalikuwa yanakumwagikia shingoni juu ya kuimba. Tangu pale alisema, huyu atakula kwa mudomo wake.

Na jina. Kwetu Banande jina la mutoto halichaguliwi, linafuata hesabu. Muvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, vile vile mpaka mwisho. Mumbere wetu alikuwa ameshazaliwa mbele yangu. Wewe ulipoingia ku kifua cha Mama, alikuhesabu. Wa pili. Kambale. Na ndugu yetu mudogo alipozaliwa, batu bakasema, haya, huyu sasa njo Kambale. Mama akakataa. Kambale iko pale, anakula udongo, hamumuoni? Huyu ni Kasereka. Babu yetu alikasirika sana, akasema amevuruga hesabu ya ukoo juu ya mutoto wa bazungu, hesabu ikivurugika itakuja kutudai siku moja. Mama alimufunga Kasereka mugongoni na kurudi ku kahawa yake.

Babu aliona mbali, Kambale. Hesabu ilikuja.

Madame hakutaka ukule kwetu. Alisema jikoni yetu ina moshi, itakuharibu kifua. Donc ulijifunza kuzunguka nyuma ya kibanda cha kuku, kupita mu majani ya maboga na kuingia kwa ule mulango wa nyuma, umeinama, sawa mwizi wa mayai. Mama alikuwa anaacha viazi viwili pembeni ya moto. Ulikula na majivu yake. Halafu ulirudi ku meza ya baba yako na kukataa supu, na Madame alikuwa anawaza uko mugonjwa.

Unakumbuka banda la kukaushia kahawa? Mvua ikinyesha, wachumaji wote wakijibanza pale, wewe ulipanda juu ya magunia. Ulikuwa padri, unanusa kama yeye mbele ya kusema "Bwana awe nanyi." Ulikuwa baba yako, tumbo mbele, unafoka Kitaliano cha kweli na Kinande cha kuvunjika. Ulikuwa mbuzi wa katekista. Kwa makala ya moto ulichora nyuso zetu ku ukuta wa banda, na mimi ulinichorea pua sawa ndizi, sijasahau. Na ukiimba, bamama walisahau mvua imekwisha. Baba yako alikukuta siku moja, akakushusha kwa sikio, akasema kwake hapatatoka mucheza ngoma, patatoka mutu wa kupima kahawa. Ulilia mpaka jikoni. Mama alikupatia kiazi na kukuambia ule padri ulimufanya muzuri, lakini pua yake unusishe zaidi.

Mimi ulinifanya mujane. Kila mara mujane, sikupewa kazi ingine. Nilikuwa napiga makelele tu, uuu, uuu, wewe unashika kichwa, unasema Kahindo, hapana hivyo. Mujane hapana anza na kulia. Mujane anatafuta kitu kidogo cha kufanya na mikono. Anakunja kitambaa. Anafagia mahali pamekwisha fagiwa. Machozi yatakuja yenyewe kumufuata. Ulikuwa na meno ya mbele hayajaota vizuri, na unanifundisha kulia. Sikuwaza itanifaa.

Halafu mwaka wa uhuru, bazungu bakafunga mizigo. Lori lilisimama mbele ya nyumba ya mawe, Madame amekaa mbele amekumbatia akordeo, kinanda chake cha kuvuta, sawa mutoto, baba yako anahesabu masanduku na kupoteza hesabu. Wewe hukuonekana. Walikuita mpaka sauti ikawakauka. Ulikuwa jikoni kwetu, chini ya kitanda cha Mama, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda ili nikufiche. Mama ndiye alikuvuta kwa mguu. Alikusafisha uso na kitenge chake akasema, "Enda. Hesabu yako inabaki hapa. Sitamupa mutu mwingine jina."

Na hakumupa.

Habari zako zilikuja vipande vipande. Kwanza kwamba baba yako alikufa huko kwa huzuni ya kahawa yake, na wewe unaosha sahani mu muji wa bandari, unaimbia batu wanaokula samaki. Padri muzee alitusomea. Mama aliuliza kitu kimoja tu, kama ile samaki unakula na wewe. Nyuma tukasikia umeimba mu radio, umetoa disiki, umevaa suti nyeupe. Nyuma tena unacheza mu sinema na mu jumba la maonyesho, mbele ya batu bamelipa, na unaimba mu Kifaransa na mu Kitaliano, na unapiga akordeo ya Madame. Padri alileta gazeti, foto yako ukurasa muzima, akasema Bafaransa wanasema wewe ni wao, Bataliano wanasema wewe ni wao, bananyang'anyana. Mama alikamata foto, akaisogeza karibu na moto ili aone. Alisema, "Amekonda." Akaiweka chini ya mufuto wa kulalia kichwa.

Nakwambia ukweli, Kambale, nyimbo zako za kwanza sikuzipenda. Ulikuwa unalialia mapenzi sawa mutu mwenye jino bovu. Zile za baadaye, sauti ilipoanza kukwaruza, hizo nilizipenda. Hizo njo sauti ya banda la kahawa.

Ukaja mara moja. Wakati wa Zaïre, wakubwa wa Kinshasa wamekualika uwaimbie, na wewe ukawatoroka, ukapanda kandege kadogo mpaka huku juu ulisikia Mama hasimami tena. Tulikuwa tumeshahamia Butembo. Batu walijaa mbele ya nyumba, mutoto wa chekechea mpaka muzee wa fimbo, banangoja muzungu wa sinema ashuke mu gari. Na wewe ukatokea nyuma. Ulizunguka nyumba usiyoijua, ukatafuta mulango wa jikoni, ukainama na ile suti yako, ukaniuliza kama viazi vimeiva. Nilikupiga na mwiko. Nilikupiga juu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Mama alikupapasa uso wote. Alikuwa haoni tena vizuri. Akasema, "Umekonda. Hawakupi chakula?" Wewe mwenye tumbo lile. Ulilala ku mukeka chini ya kitanda chake, ukamupigia akordeo polepole, na Kasereka alikaa ku mulango akikutazama sawa mutu anayetazama deni lake. Ulimuambia, ndugu, nimekukalia jina lako. Akajibu, bakia nalo, Kasereka linanitosha. Mulicheka. Siku Mama alipokuwa anakwenda kwa Mungu alituita kwa hesabu, Mumbere mwenye alishakufa zamani, Kambale, Kasereka, nyuma mimi. Uliitika mu nafasi yako. Njo ile siku ulisahau shati.

Sasa sinema. Miaka kidogo mbele ya vita nilikuwa Beni, upande wa Beu, nimepeleka vitunguu ku soko. Jirani yangu Mama Katungu, mwenye anatoka Vuhovi, akaja mbio, akasema mu nyumba ya video kuna kitu cha Kambale. Tukaingia, saa ya jua kali, tumebanana ku mabenchi. Mwenye video alikuwa anasimama pembeni anatufasiria kwa Kiswahili. Ulikuwa umezeeka kidogo, umevaa koti refu, unatembea peke yako mu mvua. Mutu akatoka nyuma na bunduki. Mwenye video anasema kwa furaha, tazameni, sasa anakufa. Kambale, nilisimama. Nilipiga makelele kwamba huyu ni ndugu yangu, musimuue, muzungu wewe geuka. Wakakupiga risasi na mimi ninatazama. Nilitupa kiatu. Walinitoa inje, Mama Katungu anacheka mpaka anakaa chini mu vumbi, anasema, Kahindo, anafanya kazi yake tu. Quartier yote, mutaa muzima wa hapa, ilinicheka mpaka mavuno. Na kweli, nyuma nilikuona mu sinema ingine, uko muzima, unapika tambi. Nikajisemea, huyu mutu ana uzoefu wa kufa.

Halafu vita.

Sitakuambia vita yote, umesikia ku radio. Nakuambia njia. Njia ya Butembo na Beni ilikuwa inatoka mukono wa basoda hawa kwenda mukono wa wale, leo ikafungwa hapa, kesho kule. Mutu anatoka kulima, wanamuua, anabaki mu shamba, na ndugu zake hawawezi kwenda kukamata maiti, juu mwenye anakwenda anabaki pia. Wana bawili ba Mama Katungu walibaki vile, mu njia ya kurudi Vuhovi. Hakuona hata kiatu. Tulikuwa tunakaa mu muji sawa kuku chini ya kitunga: jua unaliona mu matundu, kutoka hapana.

Kasereka hakuvumilia njaa, unamujua, hakuweza kukaa. Alifunga viazi ku chukudu, ile baiskeli yake ya mbao, akaenda kuviuza Beni. Ku bariyeri basoda wageni wakamuuliza jina. Mutarijumani wao alikuwa mutu wa huku, Munande kamili. Alisikia Kasereka, akauliza Mumbere iko wapi. Kasereka akasema alikufa zamani na kifua. Sawa. Na Kambale?

Ndugu yako, mupumbavu wa Mungu, alicheka. Akasema Kambale iko Ulaya, anaimba na kucheza sinema.

Walimupiga pale pale. Wakati ule kila nyumba yenye kijana mu pori ilikuwa inasema iko Ulaya, iko Kampala, iko masomo. Basoda wakaona mutu wa tatu iko, wa kwanza amekufa, wa pili haonekani: basi wa pili iko mu pori na bunduki. Walimufungia Kasereka nyuma ya bureau, ofisi ya komanda, wakasema atatoka siku Kambale atakapoingia.

Nilikwenda. Usiniulize namna nilipita. Nilikaa mbele ya ile bureau kila siku sawa jiwe la mulango, mpaka komanda akachoka kunivuka, akaniita. Nikamuambia ukweli wote, maziwa, Luofu, Mutaliano, hesabu. Mutarijumani anafasiria, uso wake unazidi kukauka. Komanda akacheka, akauliza kama mama yangu alizaa muzungu. Nikasema hakuzaa, alinyonyesha. Akasema basi huyo si ndugu. Mutarijumani akanigeukia kwa Kinande, polepole, akasema koko, bibi yangu, tafuta hadithi ingine. Hakuna mama wa kwetu anaweza kuruka jina. Hata mimi siamini.

Nilirudi na kaseti yako, ile yenye uso wako juu. Nikaweka ku meza: huyu njo Kambale. Komanda aliitazama, akaitia mu gari yake, akasikiliza wimbo muzima, kidole kinapiga ku usukani. Akasema huyu mutu anaimba muzuri. Akabaki na kaseti. Halafu akasema, sasa niletee Kambale wa kweli.

Unaona namna nilikamatwa? Ukweli nilikuwa nao mukononi, una uso wako na sauti yako, na haukufungua mulango hata kidogo. Na mwanamuke mwenye alikuwa anawapikia alininongoneza kwamba mwisho wa juma bafungwa watapakiwa mu lori. Batu ba lori ile hawakurudi. Kasereka nilimuona ku dirisha, jicho moja limefunga. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Yaya, dada yangu, viazi vyangu walikula?" Nikamuambia walikula. Akasema vilikuwa vizuri.

Pale nikageuka, nikaingia mu bureau bila kuitwa, nikasema: "Kambale alikufa."

Mutarijumani akauliza kaburi iko wapi. Nikasema haiko, alibaki mu njia, na tangu pale njia imefungwa, hatujamulilia mpaka leo, njo maana tulikuwa tunaona haya kusema. Kambale, waliniamini palepale. Maneno ya kweli nilisema siku na siku hayakuingia, na ya uongo yakaingia mara moja, juu hayo njo yalikuwa yanafanyika mu kila nyumba. Komanda akasema vizuri, mulilieni. Nitatuma mutu wangu aone. Akiona kilio, mutakamata huyu wenu.

Donc nikaja nyumbani kukuzika.

Kasereka haiko, lori linangoja, na mimi natakiwa nikulilie wewe mwenye pengine saa ile ulikuwa unakula tambi. Niliogopa. Niliogopa kwanza nitacheka. Niliogopa tena Mama, mwenye alisema hesabu yako inabaki. Na niliogopa zaidi kwamba kumulilia mutu muzima ni kumuita kifo. Nilikata mugomba, nikauvalisha shati yako ya mistari, nikaukunja mu mukeka. Majirani walianza kuingia, bamama na vitambaa kiunoni, na mutarijumani yule akaja na basoda bawili, akasimama pembeni ya majani ya maboga, anatazama.

Machozi hakuna. Macho makavu sawa kahawa imekwisha kaushwa. Nikasikia wewe: Kahindo, hapana hivyo. Nikakamata fagio. Nikafagia mahali pamekwisha fagiwa. Nikafagia mpaka ku shimo la kaburi, nikakunja kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena. Na kweli yakaja. Yalikuja, Kambale, mpaka nikashika ardhi. Sijui nililia nani. Nililia dirisha la Kasereka. Nililia titi la kushoto.

Na bamama wakaanza. Si kilio cha kusaidia jirani, hapana. Mama Katungu alianguka magoti pembeni ya ule mugomba, akaita majina ya batoto bake bawili, kwa sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu walipobaki mu njia. Na mwingine akaita bwana yake. Na mwingine dada yake. Kila mutu aliita wake, na wote walikuwa wanaitikia mu shimo moja.

Mutarijumani akakaribia, akauliza huyu alikufa na nini. Mama Katungu akainua kichwa akasema, "Na njia."

Ule mutu alisimama pale. Akatoa kofia. Akainama, akakamata udongo, akautupa ndani, akaondoka bila kunitazama. Mpaka leo sijui alimutupia nani.

Kasereka walimuachilia. Alikuja na miguu, akakuta maharage ya kilio chako yamebaki kidogo, akakula. Alisema, nashukuru Kambale. Tangu pale hatanii tena juu ya jina.

Komanda yule wakamuhamisha, wengine wakaja, nao wakaenda. Ku radio banasema karatasi za amani zimetiwa sahihi. Bariyeri ingali pale. Na mimi ningali mu ule mutego, sikia sasa namna gani. Niliwaza, komanda akienda nitabomoa kaburi, nipande mboga, niseme Kambale ni muzima, nicheze kaseti zako dirisha wazi. Sikuweza. Juu bamama wanakuja. Jumapili misa ikiisha wanakuja nyuma ya nyumba yangu, wanang'oa majani ku kaburi lako, wanakaa, wanaita majina yao. Hawana mahali pengine. Ningewaambiaje kwamba wanalilia mugomba na shati? Basi nikanyamaza. Wewe ukiimba ku radio ya jirani, naingia ndani. Mu nyumba ya marehemu hauwezi kusikiliza marehemu anaimba mapenzi. Nimekukosa mara mbili, ukiwa mbali na ukiwa hapa chini.

Juma iliyopita nikachoka. Mama Katungu alikuwa anapalilia pale, peke yake. Nikamuambia. Nikasema Katungu, mimi ni mubaya, ndani hamuna mutu, Kambale iko muzima.

Hakuacha jembe. Akasema, "Kahindo, unawaza sisi ni bapumbavu? Nani alikutoa kwa video na kiatu kimoja?"

Wote walijua. Kila mama mwenye alipiga magoti siku ile alijua wewe ni muzima, unakula huko Ulaya. Na hakuna hata mumoja alisema. Nikamuuliza, basi mulilia nini?

"Batu betu," akasema. "Machozi tulikuwa nayo. Kaburi njo tulikosa. Wewe ukatupa."

Kambale, nilikaa chini mu majani ya maboga, mimi muzee, nikacheka mpaka akaniinua kwa kwapa. Jioni ile nilifungua dirisha. Nilicheza kaseti yako ya sauti ya kukwaruza, ile ingine, si ya komanda. Batu walipita mu njia, wakasalimia, wakaendelea.

Sasa nisikie. Kaburi si lako tena, usije kulidai. Litabaki. Ukija uweke ua pale sawa mutu yeyote. Lakini uje, Kambale. Mimi nazeeka, na Kasereka jicho lile halikurudi, na hakuna mwingine anayejua pua yangu ilikuwa namna gani ku ukuta wa banda. Njia inafungwa na kufunguka. Siku moja utaikuta wazi. Na ukifika, usipite mulango wa mbele. Mutu mwenye ameshaliliwa hapiti mbele ya batu sawa mugeni, mbele analiliwa, nyuma anaingia. Zunguka kibanda cha kuku, pita mu maboga, uiname.

Mulango wa jikoni unaujua. Viazi viko pembeni ya moto.

Ni mimi,
dada yako wa titi la kuume,
Koko Kahindo